Klachi ya Jailos na Mlima wa Isyonje

Habari iliyofika benchini kwa Sedekia Alhamisi ile, kabla birika la kahawa halijachemka, ilikuwa kwamba gari la Jailos limekula viazi. Aliyeileta ni Saulo, ambaye Mbeya nzima ilimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kifungo cha kuzimia. Kwa maelezo yake magunia kumi yalikuwa yamepondwa, Mama Damari mwenye viazi amerushwa hadi juu ya paa la soko, na gari bado lilikuwa likitafuna.

Jailos mwenyewe aliwasili nyuma ya habari zake, akakaa mwisho wa benchi bila kusalimia. Ukweli ulikuwa mwembamba kuliko hapo: gunia moja tu, na Mama Damari hakurushwa popote, alisimama palepale akimpa maneno ambayo mzee wa kanisa hastahili kupewa hadharani. Jailos alikuwa amekanyaga klachi hadi mwisho, lakini gari, badala ya kusimama, liliendelea kutambaa mbele kama mtu aliyeitwa na shangazi yake.

Lilikuwa Morris kuukuu, alilouziwa na mzungu wa mashamba ya chai Mufindi aliyekuwa akirudi kwao. Jumamosi ndilo lingempeleka binti yake Tupokigwe kanisani Tukuyu kuolewa. Jailos alikwisha kutamba mbele ya benchi zima kwamba mwanawe hatashushwa kwenye lori kama mkungu wa ndizi. Bahati mbaya mwenye lori la ndizi, Kasian, Mhehe wa Iringa aliyehamia Mbeya, alikuwepo akisikiliza.

Kwa hiyo siku ile hapakuwa na huruma. Redio alitoa hukumu kwamba sahani ya klachi imekwisha, na nyingine lazima iagizwe Ulaya, ije kwa meli, harusi ingoje wajukuu. Sedekia, akimimina kahawa, alisema gari halina ubaya wowote, ila linamkumbuka bwana wake wa kwanza na linajaribu kurudi Mufindi. Kasian alingoja wote wamalize.

“Kaka Jailos, lori langu lina nafasi,” alisema taratibu. “Nitalifagia. Hata zile ndizi nitazishusha, bibi harusi asione wivu.”

Jailos alimeza kahawa ikamuunguza. Kilichomuuma si utani. Tangu mkewe afariki, Tupokigwe ndiye aliyemwekea chakula na kumwambia koti gani livaliwe Jumapili. Alitaka ampeleke yeye mwenyewe, kwa mkono wake, basi. Lakini hilo halisemeki kwenye benchi la wanaume, akabaki kusema kwamba Morris ni gari na lori ni mkokoteni wenye honi.

Walimfuata hadi uani kwake, kila mtu na kikombe chake. Jailos akaingia chini ya gari, Kasian akakaa kwenye usukani kukanyaga pedali. Ndipo ubaya ulipojionyesha. Pedali ilishuka hadi katikati huku fito inayovuta klachi imetulia tu. Ilipoanza kwenda, safari ya mguu ilikuwa karibu kwisha. Sahani haikuwa na kosa. Pini ya kuungia fito ilikuwa imelika ikawa nyembamba kiunoni kama nyigu, na tundu lake limepanuka kama mdomo wa Redio. Hayo ya mdomo aliyasema Sedekia.

Asukile, fundi baiskeli wa jirani, alichonga pini mpya kutoka kwenye boliti ya jembe la ng'ombe, akalibana tundu kwa kipande cha bomba la shaba. Ikabaki nati ya kurekebishia fito. Redio alishauri ikazwe mpaka ulegevu wote uishe, maana mtu hali chakula nusu. Asukile alisema pedali iachiwe nafasi kidogo, upana wa kidole hivi, kabla haijaanza kushika. Jailos aliwasikia wote wawili, akakaza mpaka spana ikagoma. Hakutaka kuona tena kitu chake chochote kikimtoka mkononi.

Jumamosi Morris lilitoka mjini likitii kama mwanakwaya. Nyuma yake lilikuja lori la Kasian, limefagiwa, benchi zima limo ndani na suti zao. Lakini walipoanza kupanda Isyonje, injini ikaunguruma kwa nguvu na magurudumu yakazidi kusinzia. Harufu ya kuungua ikajaa. Gari likasimama katikati ya ukungu, na lori nalo likasimama nyuma.

Jailos alishuka, akawatazama watu wa benchi wakiwa wamejipanga juu ya lori. Hata Redio alitazama pembeni. Alijua alichofanya: alikaza mno, klachi ikawa imekanyagwa nusu wakati wote, haipumziki, inateleza na kuungua. Walisubiri ipoe. Kisha akavua koti la harusi, akajilaza kwenye tope. Tupokigwe akahamia mbele, akakunja gauni jeupe, akaweka mguu kwenye pedali.

“Kanyaga pole pole,” Jailos alisema kutoka chini, akilegeza nati. “Niambie inapoanza kushika.”

“Hapa. Inashika juu kabisa.” Akaachia pedali. “Tata, kama hukutaka niende, ungesema tu. Hukuwa na haja ya kuninyongea gari.”

Spana ilizunguka mara moja zaidi.

“Nilikaza mimi, mwanangu,” alisema Jailos. “Kanyaga tena.”

Safari hii pedali ilishuka upana wa kidole kabla ya kushika. Morris likapanda mlima wote bila kulalamika, tope la mgongoni kwa Jailos likikauka kidogo kidogo. Juu kabisa, barabara inapoanza kuteremka kwenda Tukuyu, likaegeshwa pembeni, likazimwa. Kasian akasimamisha lori. Kupitia kioo cha nyuma walimwona Jailos amelaza kichwa kwenye usukani, na mkono mweupe wa gauni umemzunguka shingoni.

“Klachi tena?” aliuliza Redio, akijiandaa kushuka.

Sedekia akamvuta mkia wa koti. “Kaa chini. Hiyo si klachi.”