Pikapu Lisilokata Kushoto

Jumapili, 8 Juni

"Ni shokapu tu, shemeji. Badilisha shokapu, hayo mengine mazima kabisa." Ndivyo alivyotamka leo kaka wa mke wangu, amekaa kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu. Anauza vipuri, basi anajiona profesa wa vyuma. Shokapu tu! Pikapu langu likipita kwenye shimo, usukani unafurukuta mikononi kama kuku aliyekamatwa. Mbele kunagonga ngo, ngo, ngo kama askari mlangoni. Naye anasema shokapu!

Nilimjibu kwa hoja. Hakusikia. Nikamjibu kwa jeki. Niliinua mbele, nikalishika gurudumu juu na chini, nikalitikisa. Lilicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Boljointi, kile kifundo kinachobeba gurudumu, kwisha habari yake. Tairodi, vile vyuma viwili vinavyopeleka amri ya usukani kwenye magurudumu, vyote hoi. Bushi, zile raba za kwenye maungio, zimebaki unga. Na shokapu, ile inayomeza mitikisiko ya barabara? Nzima! Nikamwita aje aone kwa macho yake. Alitazama, akakohoa, akasema ana miadi.

Ushindi mtupu. Mke wangu hakushangilia. Akanikumbusha kwamba Jumamosi mama yake anahama, na kabati lake litabebwa na pikapu hili. Likishindwa, Jumapili kaka yake anakabidhiwa funguo, alitoe uani, naye mke wangu apate pa kuanika nguo kama wenzake. Nikacheka. Nikagundua nacheka peke yangu.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekataa fundi. Kwa msimamo! Tangu lini mtu aliyegundua ugonjwa akamwachia mwingine kutibu? Nimesoma vitabu vinene kuliko betri ya lori. Kila wiki nawavua nguo wanasiasa gazetini. Nati itanishinda?

Dukani kwa shemeji siendi ng'o. Nimemtuma kinyozi wangu akaninunulie vipuri kwingine, kwa siri. Kinyozi ameleta kila kitu. Juu ya boksi kuna maandishi ya kalamu nyekundu: "Pole sana, shem." Kumbe duka lenye vipuri vya pikapu la umri huu ni moja tu mjini. Kinyozi anasema hata hakuulizwa. Alipotaja modeli tu, wote mle dukani wakaanza kucheka.

Kinyozi nitambadilisha.

Jumanne, 10 Juni

Kazi imeanza. Boljointi za zamani zimetoka kwa nyundo. Jirani wa pembeni, muuguzi mstaafu, alichungulia ukutani akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia ni mageuzi. Akasema basi mageuzi yapumzike saa saba, yeye hulala.

Mchana nilikutana na adui wa kweli: nati ya tairodi ya kushoto. Imegoma! Nimetia mafuta. Nimetukana. Nimeunganisha bomba la maji kwenye spana nikaning'inia kama nguo kwenye kamba. Haikusogea hata unywele. Mke wangu alipita na beseni, akanitazama pale hewani, akaenda zake.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi nilijaribu tena. Hasira zikanipanda, nikaipiga spana teke la kutoka upande wa pili. Nati ikafunguka! Laini kama kifuniko cha chupa!

Nimekaa chini nikatafakari. Nati ile hufunguka kinyume cha wenzake. Maana yake jana mchana kutwa nilikuwa naikaza. Wengine wangeliita hilo kosa. Mimi naliita utafiti.

Bushi mpya ndani. Boljointi mpya ndani. Zikabaki tairodi. Fundi wa pale kona alikuwa anapita, akaegemea geti, akauliza, "Mzee, umehesabu mizunguko wakati unazitoa? Lazima zirudi vilevile." Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa herufi, si wa tarakimu. Akasema haya mzee, kazi njema. Ila aliitamka "kazi njema" kama mtu anayeaga jeneza.

Tairodi ya kushoto nimeizungusha mpaka mwisho wa meno yake, kwa kuwa kilichoingia chote hakichomoki. Hiyo ni mantiki safi. Ya kulia ilifika nusu, mvua ikaanza. Nusu inatosha. Imeshika.

Alhamisi, 12 Juni

Jaribio la kwanza barabarani. Kimya! Hakuna ngo wala nusu ya ngo. Usukani umetulia kama maji mtungini. Nimepita makusudi mbele ya duka la shemeji, mara mbili, taratibu, kiwiko dirishani.

Kuna jambo dogo. Gari likienda mbele moja kwa moja, usukani wenyewe umelala ubavu. Na jambo jingine dogo: halikati kushoto. Kulia linageuka vizuri mno, karibu kujifunga fundo. Kushoto linainamisha pua kidogo tu, kama mtu anayesalimia asiyempenda, basi. Kwenye kona ya soko nilizungusha usukani kushoto ukagota, gari likaendelea na safari yake, tukaingia wote wawili kwenye karakana ya seremala. Akina seremala walisimama na misumeno yao. Nilishuka kwa heshima zote, nikaulizia bei ya stuli.

Stuli itakuwa tayari wiki ijayo.

Ijumaa, 13 Juni

Kufungua tairodi upya? Haiwezekani. Shemeji amezoea kupita hapa jioni. Akiniona chini ya gari kwa mara ya pili, itatangazwa ukoo mzima.

Suluhisho limenijia bafuni. Nani amesema ili kwenda kushoto lazima ukate kushoto? Kata kulia, kata kulia, kata kulia: uko kushoto! Watu wameishi na uongo huu wa kona tangu gurudumu la kwanza. Nimechora njia yote ya kesho, kutoka kwa mama mkwe hadi nyumba yake mpya. Hakuna kona ya kushoto hata moja. Nimejivunia mchoro huu kuliko makala zangu zote za mwaka huu.

Jumamosi, 14 Juni

Kabati limepakiwa, kitanda kimepakiwa, mama mkwe yuko mbele na mkoba mapajani. Nyumba mpya iko mtaa wa pili, mkono wa kushoto.

Tulipoanza kuzunguka alikuwa anasimulia habari za mwenye nyumba wake wa zamani. Tulipopita zahanati mara ya pili aligeuza shingo kuitazama. Mara ya tatu akauliza, "Baba, hii ni zahanati ileile au wamejenga nyingine?"

Nikamwambia nakwepa foleni.

Akasema foleni haioni. Nikamwambia ndiyo maana, tumeshaikwepa.

Kwenye njia moja walikuwa wanachimba mtaro, wamefunga barabara. Mchoro wangu ukafa hapo hapo. Tulikata kulia hadi tukatoka nje ya mji, kulia hadi tukaingia tena. Muuza mahindi alianza kutupungia mkono kama jamaa zake. Mama mkwe akamwagiza mahindi mawili dirishani, akanipa moja, akasema, "Kula mwanangu, inaonekana safari ni ndefu."

Tumefika jua linazama. Kabati zima! Halina hata mkwaruzo! Mke wangu, aliyekuja kwa miguu na kutusubiri tangu saa nne asubuhi, amekaa juu ya ndoo mlangoni. Nikamwambia sharti lilikuwa kufika, muda haukutajwa. Akasema kesho kaka yake anachukua funguo.

Jumapili, 15 Juni

Alikuja amevaa shati la kutokea. Mke wangu akamkabidhi funguo mbele yangu. Moyo uliniuma, nakiri. Miaka yote hiyo na pikapu langu! Nikafungua kinywa kumweleza habari ya kushoto. Akaniwahi: "Shem, huna la kunifundisha kuhusu gari." Basi nikakifunga kinywa. Mimi namheshimu mpinzani anayeomba kunyamaziwa.

Alitoka getini akakata kushoto. Pikapu halikukata. Lilivuka barabara kwa utulivu, likapanda lundo la mchanga wa jirani anayejenga, likakaa pale juu pua ikitazama mbingu. Muuguzi mstaafu alipiga makofi. Shemeji alishuka na mchanga hadi kwenye nyusi, akaja akaniwekea funguo kiganjani. "Baki nalo, shem. Baki nalo kabisa." Mke wangu alitutazama wote wawili, akabeba beseni, akaenda kuanika nguo kwa jirani.

Mjadala umefungwa. Mpinzani amesalimu amri, gari ni langu, na mbinu yangu imethibitika barabarani. Makala ya wiki ijayo nimeshaianza, na inaishia hivi:

Nyinyi wenye magari ya zamani, mnaonyanyaswa na mafundi na kuchekwa na wauza vipuri! Acheni unyonge! Msimpelekee fundi yeyote gari lenu. Leteni kwangu, uani, kuanzia Jumatatu asubuhi. Nimeshaielewa mbele. Sasa naanza breki.