Ombi la Kumwandika Mbwa Wangu Kondoo Kabla ya Jumamosi

Kwa Bwana Mifugo,
Ofisi ya Mifugo, chumba cha mwisho kushoto, pale penye benchi lililovunjika mguu.

Alhamisi, asubuhi.

Ndugu Bwana Mifugo,

YAH: KUMBADILISHA MBWA KUWA KONDOO

Usirudie kukisoma kichwa cha barua hii. Ulivyokisoma ndivyo kilivyo.

Mimi ni karani mstaafu wa masjala. Kwa miaka thelathini na mmoja nimepokea barua, nimegonga mihuri na kufungua majalada, na nimejifunza jambo moja tu: kilichomo jaladani ndicho kilichopo. Aliwahi kusimama mbele yangu mtu mzima, anapumua kabisa, lakini jalada lake lilisema amefariki, na ni yeye aliyerudi nyumbani kutafuta ushahidi, si jalada. Kwa hiyo ombi langu lisikushtue. Nyumbani kwangu yuko mnyama aitwaye Kipilipili, kwa ajili ya manyoya yake ya kujikunja, ambaye watu wamezoea tu kumwita mbwa. Naomba ofisi yako imwandike kondoo, na karatasi yenye muhuri inifikie kabla ya Jumamosi saa nne asubuhi, saa ambayo mke wangu anarudi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mbwa wa watu wengine hupukutisha manyoya wenyewe, yakaisha. Huyu hadondoshi hata unyoya mmoja. Yanaota, yanajikunja, yanaota tena. Basi kila jioni lazima achanwe. Mke wangu ameifanya kazi hiyo miaka minne, amekaa kwenye kigoda cha jikoni, brashi mkono huu, kitana cha chuma mkono huu, huku akimsimulia mnyama habari za siku nzima ambazo mimi sijaambiwa. Na miaka hiyo minne nimemcheka nikiwa nyuma ya gazeti. Nilitamka, tena mbele ya mashemeji, kwamba kumchana mbwa ni kazi ya dakika tano.

2. Wiki mbili zilizopita binti yetu alijifungua, na mama yake akafunga safari kwenda kumsaidia. Aliniachia mnyama pamoja na karatasi aliyoibandika kwenye mlango wa friji. Inasema: yafunue manyoya kwa mkono, tabaka kwa tabaka, mpaka uione ngozi, piga brashi kuanzia kwenye shina, kisha pitisha kitana, na kikikwama hujamaliza, usisahau nyuma ya masikio, kwapani na chini ya ukanda wa shingo, usimwoshe kabla mafundo yote hayajatoka. Jamani! Mimi nilipoajiriwa serikalini sikupewa masharti marefu kiasi hicho.

3. Nilimchana dakika tano kila siku kama nilivyoahidi, kwa saa ya ukutani. Nilipitisha brashi juu juu, akapendeza, watoto wa jirani wakamsifu. Kumbe chini kwa chini manyoya yanasokotana! Mwenyewe alijua na akanyamaza. Kila nikimgusa kwapa alinitazama tu, halafu akaangalia pembeni. Sasa nakuuliza wewe mtaalamu: mbwa gani huyo asiyebweka anapoumizwa? Kondoo ndiye mwenye tabia hiyo, na naomba iingizwe kama ushahidi wa kwanza.

4. Jumanne aligaagaa kwenye tope. Nikamtia kwenye beseni nikamsugua kwa nguvu zangu zote, maana mimi kazi sifanyi nusu nusu. Alipokauka, Bwana Mifugo, macho yalinitoka. Mafundo yalikuwa yamekazana yakawa kitu kimoja, kigumu, kuanzia shingoni hadi mkiani. Kidole hakipiti. Kitana kilivunjika meno mawili. Hata kuketi hakuweza vizuri. Akawa anatembea nyumba nzima kama mtu aliyeazima suti ya mdogo wake.

5. Jumatano nilimwita kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Alicheka mpaka akakaa chini na mashine yake mkononi. Alipopata pumzi akanieleza kwamba hapo hakuna cha kuchana, ni kunyoa tu, na kwamba nisithubutu kuvuta. Manyoya yalitoka kipande kimoja, mgongo, mbavu na mapaja, na sitii chumvi, yalisimama yenyewe barazani. Fundi viatu alipita akaniomba nimgawie, akatie ndani ya soli. Mnyama aliyebaki ni mdogo, wa rangi ya waridi, ana masikio makubwa kuliko nilivyodhani, na anatetemeka. Sikulala vizuri.

Na hapa ndipo kwenye kiini cha ombi. Mbwa akinyolewa hivyo, watu huuliza ni nani aliyemharibu. Kondoo akinyolewa, hakuna anayeulizwa kitu. Huo ni utaratibu, na ofisi yako ndiyo yenye utaratibu. Jumamosi mke wangu akute kondoo aliyehudumiwa kwa wakati. Asikute mbwa aliyeharibiwa na mume aliyesema dakika tano.

6. Kwa kuwa karatasi itakuwa inaandikwa, naomba tarehe yake irudishwe nyuma miaka minne, ili isionekane ya kupikwa. Nimelipima jambo hili vizuri. Ikishakuwa hivyo, itadhihirika kwamba mke wangu ndiye aliyefuga kondoo jikoni muda wote huo bila kibali, na atapaswa kujieleza kwako kwa maandishi. Asiwe na hofu. Mimi mwenyewe nitamwombea msamaha, kwa sababu nina moyo mzuri.

Nisalimie mhudumu wa ofisi, dereva, yule dada wa mapokezi anayepoteza barua, na ng'ombe wote walio chini yako, mmoja mmoja.

Ni mimi, mwenye haraka lakini mtiifu,
Karani mstaafu, nyumba ya geti la kijani.

Nakala: Kinyozi, ili aache kusimulia.

T.B. Nilipotaka kunakili barua hii kwa usafi, karatasi zilikuwa zimeniishia. Nikabandua ile ya kwenye friji niandike nyuma yake. Nyuma kumeshaandikwa, kwa mwandiko wa mke wangu:

“Najua utamwosha kabla ya kumtoa mafundo. Ukishafanya hivyo usimvute, anaumia na hasemi. Mwite kinyozi amnyoe, manyoya yataota. Atasikia baridi, mvalishe lile sweta lako la kijivu. Na tafadhali, mume wangu, usimwandikie mtu barua.”

Sweta ameshalivaa tangu jana, nilimvalisha mimi mwenyewe bila kuambiwa na mtu, na wakati huu amelala juu ya miguu yangu, nimeshindwa kuinuka. Kwa hiyo ombi limefutwa. Kondoo hulala nje, na huyu halali nje. Mwandike mbwa.

Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu stempu nimeshabandika. Lakini ukikutana na mke wangu, nakusihi, hukuipokea.