Mpira wa Vijana na Haki ya Mtani

Jumatatu, 5 Oktoba 1953

Kwa masikitiko makubwa inatangazwa kwamba mpira wa Chama cha Vijana wa Kitomanga umefariki jana, saa kumi na moja jioni, baada ya kuangukia mwiba wa mdimu nyuma ya nyumba ya Bi Moza. Marehemu alikuwa wa ngozi, mwenye viraka vitatu. Ameacha vijana kumi na wanane na mlezi mmoja. Mlezi ni mimi.

Mkutano leo. Mwenyekiti Maftaha, kijana niliyemfundisha mwenyewe kupalilia mikorosho, kasema kwa adabu kwamba Jumamosi tunacheza na Mitwero hapa kwetu, na mwenyeji ndiye anayetoa mpira. Mwalimu Ambrosi, anayefundisha dini kule kanisani, akashauri kila kijana alete vibaba viwili vya korosho. Ushauri mzuri. Kwa hiyo nikaupinga. Nikasimama, nikasema mlezi mwenyewe atapita nyumba kwa nyumba, na Ijumaa mpira utakuwapo. Maftaha akauliza, na usipokuwapo, mzee? Nikajibu basi ulezi apewe Ambrosi. Sijui nani alinituma. Ambrosi akaandika.

Nina miaka arobaini na saba. Sijawahi kuwa jumbe, wala karani, wala imamu. Ulezi huu ndio cheo changu cha kwanza, na kinanikaa vizuri. Hakiendi kwa Ambrosi.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimevaa kanzu na koti, nikashika daftari, penseli sikioni. Kosa ni daftari. Nyumba ya kwanza: mlango wazi, chungu kinachemka, watu hakuna. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nikaona visigino vikiishia mikoroshoni. Kijiji kizima kimenidhani karani wa kodi. Nami nimezaliwa hapa.

Bi Moza peke yake hakukimbia. Magoti hayamruhusu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza hali ya mke, ya watoto, ya shamba, ya mbuzi, na kikohozi cha mama mkwe wangu, aliyekufa mwaka juzi. Mwishowe nikaomba mchango. Akasema mpira ule ulimvunjia mtungi, na mdimu wake ataumwagilia maji kila siku mpaka afe. Akanipa ndimu mbili.

Nimerudi nyumbani na ndimu mbili. Adija, mke wangu, kauliza kama Mitwero watacheza na moja na sisi na nyingine. Nimekasirika, nimesusa chakula. Baadaye nimekula.

Jumatano, 7 Oktoba

Hasira imezaa akili. Mtu akiombwa hunyima. Lakini mtani haombi. Mtani wa ukoo huingia kwako, akachukua jogoo, akakutukana wewe na babu yako, nawe ukacheka, kwa sababu anayemnunia mtani hutozwa faini mbele ya wazee. Nusu ya Kitomanga ni ukoo wetu. Na mtani wa ukoo wetu ni Pazi mhunzi.

Nikamwendea. Nikamweleza: pita nyumba kwa nyumba, kila nyumba ya ukoo wetu chukua kuku mmoja, niletee mimi. Lori la Ijumaa litawapeleka Lindi, na mpira utarudi nalo. Pazi akaweka nyundo chini, akasema, "Yaani wewe mende unanituma nikawanyang'anye ndugu zako?" Nikasema ndiyo. Akasema tangu baba yake afe hajapewa heshima kama hii. Akakubali upesi mno.

Hadi adhuhuri kakamata kuku kumi na mmoja. Kelele na vicheko kila ua. Mzee Huseni, mkubwa wa ukoo wetu, kachukuliwa hata kuku anayeatamia, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Nimepita mbele ya nyumba ya Ambrosi mara nne nikipiga mluzi.

Alhamisi, 8 Oktoba

Pazi amekuja. Kuku hakuna. Nikamuuliza wako wapi. Akasema wakwe zake wamefika kutoka Likawage, na wakwe hawalishwi mchicha. Wote kumi na mmoja? Akasema wakwe ni wengi, na alichochukua mtani hakirudi, hata mimi najua. Halafu akasema kazi haijaisha, imebaki nyumba moja ya ukoo.

Akaingia kwangu. Akatoka na jogoo, kiti changu cha uvivu, na koti langu kalivaa. Adija alimshikia mlango.

Nilimtazama kiume, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nimesikitika. Hayo tu. Heshima yangu ni nzima.

Ijumaa, 9 Oktoba

Asubuhi nimeitwa kwa Mzee Huseni. Shauri: kumnunia mtani. Nikasema sikununa, nilisikitika. Pazi, ndani ya koti langu, akasema hata sasa kanuna, mtazameni midomo. Wakanitazama. Nikajaribu kucheka. Mzee Huseni akasema hajawahi kuona kicheko cha kutisha kama kile. Faini: mbuzi. Pazi akasema yeye amekinai nyama, mbuzi huyo anawapa vijana. Mbuzi akapanda lori. Jioni lori limerudi na mpira mpya, unanukia ngozi.

Mkutano. Nikasimama, nikasema ahadi imetimia. Maftaha akasema ni kweli, mzee, ila mpira umetolewa na Pazi. Wakapiga kura ya ulezi. Ambrosi hakupata hata moja, na hilo lilinifurahisha kitambo kidogo. Pazi kapata zote. Hata yangu, maana alikuwa akinitazama midomo.

Jumamosi, 10 Oktoba

Tumewafunga Mitwero mawili kwa moja. Vijana wamembeba mlezi wao begani. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, na kila kofi lilikuwa la hasira.

Daftari hili hulisoma mimi peke yangu, basi niseme kweli ya juzi. Sikumtazama Pazi kiume. Nilimkimbiza na mwiko wa ugali, kutoka uani kwangu hadi kwa Bi Moza, nikimwita mwizi. Nikakanyaga kanzu, nikaanguka, nikalia. Si kwa ajili ya jogoo. Nililia kwamba wataninyang'anya ulezi, nami sina kitu kingine. Nusu ya kijiji ilisikia. Pazi akarudi, akaniinua, akanipangusa mchanga, akasema, "Mende, usilie, mpira utapatikana." Hapo ndipo nikampiga mwiko wa kichwa. Faini ni ya mwiko. Na kwamba mbuzi wa faini atawapa vijana, Pazi alikwisha kuamua palepale, damu ikimtoka.

Jioni hii Maftaha kasema sasa wanataka jezi. Hakuniuliza mimi. Nikamwambia aniachie. Nimetafakari njia nzima: mpango haukuwa na kasoro, kasoro ilikuwa Pazi. Yuko dada yake, Biasha, mtani vilevile, mwanamke mpole, msema kweli. Nimemwendea kabla ya magharibi, nikamweleza: nyumba kwa nyumba, kuku mmoja mmoja, aniletee mimi. Amekubali. Ameuliza jambo moja tu, mbuzi nimebakiwa na wangapi. Nimemwambia mmoja, tena mnono.