Hatua ya Kwanza, Mara ya Pili

Jumatatu, 7 Aprili
Adhis wangu ametembea sasa hivi! Kutoka mlangoni mpaka kwa ndoo, mikono juu, kama mlevi mdogo. Nimelia. Hatua yake ya kwanza! Nasipwondi, jirani anayenishikia mtoto nikienda kufua nguo za watu mtaa wa Olympic, akachungulia ati pole Mama Adhis, ya kwanza niliona mimi jana. Akitafuna mahindi!

Jumanne, 8 Aprili
Isaac, mdogo wa mume wangu, yuko Form Four. Amenionyesha kwa simu video ya mpira ukirushwa, halafu akairudisha nyuma. Sikuona tofauti. Anasema sheria za fizikia hazijui mbele wala nyuma. Hata yai lililopasuka, hazilikatazi kurudi zima. Akaongeza “lakini” nyingi, ati kila kachembe lazima karudi njia yake ile ile, na hiyo haiwezi kutokea. Hapo sikusikiliza. Hazikatazi! Nitamrudisha Adhis mpaka kabla ya hatua. Aanze upya, mbele yangu.

Jumatano, 9 Aprili
Nimemtembeza kinyumenyume kutoka kwa Nasipwondi mpaka kwetu. Asubuhi, jioni. Foleni yote ya maji inatukodolea macho. Nasipwondi akauliza kama mtoto amekwama kwa rivasi. Wivu.

Ijumaa, 11 Aprili
Sasa anarudi nyuma peke yake. Haangalii, na hagongi kitu. Leo amelia ghafla. Nikambeba, nikamkagua, hana alama. Nikamweka chini. Ndipo akaanguka. Kilio kwanza, kuanguka baadaye. Kisha nikafurahi. Inafanya kazi!

Jumamosi, 12 Aprili
Hasimami tena. Ameketi akiupungia mkono mlango uliofungwa, ile ya kwaheri. Nikafungua. Hakuna mtu. Baadaye ndipo Isaac akaingia na mkate. Nilipomweleza aliweka mkate chini, akasema shem, wacha hii kitu, tafadhali. Nikamwambia aende akasome.

Jumapili, 13 Aprili
Kanisa sikuenda. Namlinda, asiibiwe hatua tena. Nasipwondi ameomba amkalishe juani kidogo, nikampa. Mtoto wa kuketi atafanya nini? Hatua ikiisha, narudisha jino la kwanza, nalo liliota nikiwa kazini. Halafu Nasipwondi mwenyewe, kinyumenyume mpaka Kawangware alikotoka. Anapiga kelele huko nje ati Mama Adhis kuja mbio, mtoto amesimama, anainua mguu! Naja! Nimalizie tu hii ya jino: kesho nitaanza na uji, halafu nita—