Mrututu Bwawani Kabla ya Chhath

Jumatatu, 13 Novemba
Bwawa letu limekuwa kijani kama mchicha uliopondwa. Na Jumapili ni Chhath, sikukuu yetu ya jua! Mke wangu Chandrakala lazima asimame mle hadi kiunoni, kulisalimu jua likizama, na tena kesho yake likichomoza. Aliweka nadhiri binti yetu Ruchi alipokuwa mahututi: Mama Chhathi, mungu wetu wa sikukuu hii, akimponya, atasimama pale pale alipokuwa akisimama marehemu mama yangu. Ruchi kapona, anapiga kelele nyumba nzima.

Kamati ya mtaa imempa jirani yangu, Mwalimu Bhogendra, kazi ya kulisafisha. Eti alifundisha kemia. Mimi, Tarakant, niliyenyoosha mkono wa kwanza, nimepewa kushika kamba.

Jumanne, 14
Mpango wa Mwalimu: kuziba mifereji ya maji machafu, kuopoa kijani kwa vyandarua, kisha kutia shabu ya kusafishia maji, kidogo kidogo. Kidogo kidogo! Nikamuuliza kama anangoja Chhath ya vitukuu. Akanijibu mbele ya watu, "Ndugu yangu, bwawa ni mgonjwa, si sufuria ya kusugua." Wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa uchungu.

Nina dawa: mrututu, ile chumvi ya buluu ya kuulia kuvu. Binamu yangu hunyunyizia viazi. Unaua kijani chapuchapu. Nishasikia jina langu likisifiwa kwenye kipaza sauti cha sikukuu.

Jumatano, 15
Mchana, watu wamelala. Nikaazima mtumbwi, nikamwaga mrututu kona hadi kona. Kipimo kiliandikwa kwenye mfuko. Sikukisoma, mfuko ulikuwa umelowa.

Alhamisi, 16
Kijani kimekufa! Nikamwambia Chandrakala ni kazi yangu. Akanitazama kwa macho ya siku za harusi. Kisha akauliza kama Mwalimu anajua. Nikamsifia chai.

Ijumaa, 17
Samaki! Karibu wote juu, matumbo meupe. Mwalimu akanieleza kwamba kijani kilichokufa kwa mkupuo kinaoza na kumaliza hewa majini. Hakupandisha hata sauti. Afadhali angenitukana. Mfungo umeanza, nyumba zimesuguliwa, samaki hata hatajwi, na harufu yake imeingia hadi kwenye boga la mfungo jikoni. Wanaume wanaopenda samaki kuliko wakwe zao walilia waziwazi.

Chandrakala hakulia. Alisema tu, "Baba Ruchi, mimi niliahidi maji yale." Nimeona aibu sana.

Jumapili, 19
Mwalimu kachimba shimo uani kwake, akalijaza maji ya pampu. Mkewe akaja kumwita Chandrakala: "Njoo, mdogo wangu, jua ni lile lile." Akaenda. Alisimama maji yakimfika magotini, ungo wa matunda mikononi, hajaonja hata maji tangu jana, anatetemeka. Nilikuwa nyuma yake na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Baadaye akaniambia nadhiri haijatimia. Atafunga tena mwakani, kwenye bwawa lenyewe.

Jumanne, 21
Nimetafakari sana. Kosa langu ni moja tu: nilichelewa kuanza.

Mwalimu kawahamishia samaki walionusurika kwenye lile shimo, awarudishe bwawa likipona. Anawapenda, anawalisha kwa mkono. Leo kasafiri. Nimechungulia juu ya ukuta wake: pembeni pa shimo pameanza kuota kijani. Mzee huyu katutendea wema mkubwa, nami sijamshukuru. Mrututu umebaki nusu mfuko.