Cheti cha Kunyamaza

"Inatangazwa kwa waumini wote wa kanisa la Mwamgodo, wake kwa waume, ya kwamba kuanzia Jumapili ya kwanza ya Agosti, mwaka huu wa 1954, mtoto yeyote wa chini ya miaka mitano hataingia ibadani isipokuwa ana Cheti cha Utulivu."

Aliyelisoma tangazo hilo ni Garama, katibu wa baraza la kanisa. Alilisoma mara mbili, kwa sababu alikuwa amelitunga mwenyewe na aliona limekaa vizuri. Siku sita za wiki alikuwa karani wa serikali huko Kwale, na mwaka ule kazi ya karani ilikuwa imenoga. Ngoma ya harusi ilitaka kibali, kukata mvule kulitaka kibali, na Garama hakuona kwa nini nyumba ya Mungu iachwe nyuma.

Tena ilikuwapo sababu. Kasisi Mkuu alikuwa akija kutoka Mombasa mara moja tu kwa mwaka, kubatiza. Mwaka uliopita mahubiri yake yalikatizwa mara tatu: mara mbili kwa vilio, na mara ya tatu na mtoto aliyetambaa hadi madhabahuni akaomba mshumaa. Garama alikuwa akitarajia kupendekezwa kuwa msomaji wa kanisa wa wilaya nzima, na usiku ule hakuonja chakula kwa aibu.

Basi iliundwa Kamati Ndogo ya Utulivu wa Watoto Ibadani. Mwenyekiti alikuwa Mzee Chirau, katibu Garama. Mjumbe wa tatu alikuwa mgonjwa, akahesabiwa kuwa amekubali.

Kifungu cha nne ndicho kilichowatoa jasho. Kilisema: "Mtoto yeyote atakayetoa sauti isiyo ya ibada atatolewa nje na mama yake."

"Mtoto ni wa umri gani?" akauliza Chirau.

"Anayefahamika kuwa mtoto, mzee."

"Marehemu mama yangu aliniita mtoto mpaka nilipopata wajukuu."

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe Garama akachukua kalamu, akafuta "mtoto", akaandika "mtu". Neno pana halina mwanya, alimweleza mwenyekiti, na wote wawili wakaridhika. Kanuni ikapigwa taipu, ikatiwa sahihi na muhuri.

Mtihani wa kupata cheti ulifanyika Jumamosi, kuamkia siku ya ugeni wa Kasisi Mkuu. Watoto kumi na tisa walifika, wamepakwa mafuta wakang'aa. Kila mmoja alikalishwa benchini peke yake kwa dakika kumi, huku Garama akisoma kutoka kwenye Biblia ile orodha ndefu ya nani alimzaa nani, saa yake mkononi.

Kache alileta wawili: Dzombo, aliyekuwa na miaka mitatu, na dada yake Kadzo, ambaye alikuwa hajatimiza miwili. Mumewe alikuwa kuli bandarini Mombasa, na kila Jumapili Kache alikwea kile kilima mmoja mgongoni, mwingine mkononi, akifika kanisani amelowa jasho kabla ya wimbo wa kwanza. Wimbo huo aliuanzisha yeye. Hakukuwa na mwingine aliyejua pa kuanzia.

Dzombo alivumilia dakika tatu, akisikiliza kwa makini. Kisha akauliza, "Na hawa wote mama zao wako wapi?"

Garama alifunga kitabu, akaandika: Ameshindwa. Sababu, maswali.

Kadzo hakutoa sauti hata kidogo. Katika dakika ya pili alijilaza kwenye benchi akalala fofofo. Garama alipekua kanuni, akaona utulivu maana yake ni utulivu wa aliye macho. Akaandika: Ameshindwa. Sababu, usingizi.

Kati ya wale kumi na tisa alifaulu mmoja, naye ni mjukuu wa Chirau, aliyekuwa amepewa kipande cha muwa.

Kache alingoja hadi wenzake wote wakatoka.

"Bwana Katibu, Kasisi huja mara moja kwa mwaka. Wanangu watabatizwa lini?"

"Mara tu watakapofaulu, Mama Dzombo. Mtihani mwingine ni Julai ya mwakani."

"Mwaka jana Kadzo aliugua surua. Nilikaa naye siku tisa nikijiambia, akiniponyoka huyu, ataniponyoka bila jina la kanisa. Sitaki kuingia mwaka mwingine hivyo."

Garama alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyempandisha Kadzo kwenye baiskeli yake hadi zahanati, na kurudi alitembea kwa miguu, akiwasukuma mama na mtoto juu yake.

"Sikiliza," akasema kwa upole. "Ubatizo haukukataliwa. Kilichokataliwa ni kuingia."

"Na maji yako wapi?"

"Yako ndani."

Kache akamfunga Kadzo mgongoni, akamshika Dzombo mkono, akatoka. Garama naye alilitafakari jambo lile, akaona halina kasoro popote. Hata hivyo usiku hakupata usingizi mzuri, na asubuhi alikula viazi vitamu vitatu akiwa amesimama, bila hata maji ya kuteremshia.

Kasisi Mkuu aliwasili kwa landrova saa tatu. Alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, aliyekijua Kiswahili cha kwenye vitabu. Mlangoni alisoma kanuni iliyobandikwa, kuanzia juu mpaka kwenye muhuri, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekutana na mwenzake. Moyo wa Garama ukamdunda kwa furaha.

Ndani kulikuwa na utulivu wa kupigiwa mfano. Akina mama walikuwa nje chini ya mkorosho pamoja na watoto wao, kama ilivyopangwa. Waliobaki ndani ni wazee kumi na wanne, ajuza watano, na mjukuu wa Chirau na muwa wake. Chirau alijaribu kuanzisha wimbo. Uliinuka kidogo, ukayumba, ukafia njiani. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu.

"Watoto wa kubatizwa wako wapi?" akauliza Kasisi Mkuu.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa Garama. Alisimama, akakunjua taarifa yake ya kurasa nne.

"Mheshimiwa, watoto husika, kwa mujibu wa kifungu cha pili, wamo katika hatua ya... kwik."

Ilikuwa kwikwi, tena si ya haya. Iligonga ukuta ikarudi.

"Wamo katika hatua ya mata... kwik. Ya matayari... kwik."

Katika benchi la nyuma bibi mmoja mfupi alisimama, akajifunga leso vizuri kiunoni, akaja mbele polepole. Alikuwa Jumwa, mama yake Garama.

"Garama mwanangu," akasema, "inuka twende."

"Mama, niko kwenye... kwik... taarifa."

Chirau aliinuka haraka. "Mama Jumwa, tafadhali. Huyu ni katibu."

"Namjua, nilimzaa. Jumapili tatu mfululizo ametusomea kwamba mtu yeyote atakayetoa sauti isiyo ya ibada atatolewa na mama yake. Mimi sijui kusoma, lakini kusikia nasikia. Au tuwatii makarani siku wanayotaka tu?"

Kasisi Mkuu aliomba aletewe ile karatasi ya mlangoni. Akapitia kifungu cha nne kwa kidole.

"Imeandikwa mtu," akasema.

"Naam," akajibu Chirau kwa sauti ndogo.

"Na muhuri upo. Basi itekelezwe."

Garama, mwenye miaka arobaini na miwili, alitolewa nje na mama yake kwa kushikwa mkono. Kadzo alimwona akija, akasogea kumpa nafasi kivulini.

Ndani jambo jipya likatokea. Ubatizo hauna nguvu mpaka uandikwe daftarini, na daftari huandikwa na katibu peke yake. Katibu alikuwa nje na hakuruhusiwa kuingia. Kasisi Mkuu alilifikiria hilo kwa dakika nzima, akatoa uamuzi uliokuwa wazi kabisa: ibada imfuate katibu.

Beseni likabebwa na wazee wawili hadi chini ya mkorosho. Kache akaanzisha wimbo, na safari hii ulisimama imara. Watoto walibatizwa mmoja mmoja, wakilia, wakicheka, mmoja akiyanywa maji. Garama aliandika majina daftari likiwa gotini. Alipofika kwa Dzombo na Kadzo kwikwi ilimrusha mkono, na mpaka leo Kadzo ana mkia mrefu kwenye herufi yake ya mwisho. Kache alilitazama lile jina lililoandikwa, ingawa hakujua kulisoma, akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Ahsante, Bwana Katibu."

Garama aliitikia kwa kichwa, maana kinywa hakikuaminika.

Kisha ikawadia saa ya kushiriki meza ya Bwana, na meza haiwezi kuhamishwa. Akina mama waliangaliana. Hapa nje palikuwa na mtu mzima, mwenye afya, aliyezuiwa na kanuni kwenda popote. Wakaingia wote. Jumwa aliingia wa mwisho.

"Usiwaache wakaenda barabarani," akamwambia mwanawe.

Garama alibaki na watoto kumi na wanane, waliomzunguka wakimkazia macho mdomoni. Walikuwa wanangoja kwikwi ijayo. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyelia. Katika kazi yake yote ya ukarani, Garama hakuwahi kusikilizwa namna ile, akajikuta amekaa wima zaidi.

Jumwa alishangazwa na kimya kile, akachungulia dirishani.

"Umewafanyia nini?" akanong'ona.

Garama akafungua kinywa kumjibu.

Kicheko cha watoto kumi na wanane kilimfanya Kasisi Mkuu asimame katikati ya sala, kikombe mkononi. Kamati ilikaa Jumatatu, ikaliandika jambo hilo kuwa ni kelele za kutoka nje, ambazo kanuni haikuzitaja.