Mawimbi ya Bibi Harusi

Jumapili, 9 Novemba

Leo nimepata utajiri. Uko nyuma ya pikapu, umefungwa kamba.

Nilikwenda Wadi Kabir, hapa Maskati, kutafuta taa ya nyuma ya gari. Taa sikuipata. Kwenye duka moja la vyuma vikuukuu nkaona kitu kimesimama pembeni: mguu mmoja mrefu, juu kama mwavuli uliovuliwa kitambaa, nyaya zinaning'inia, kila waya na kibanio chake. Mwenye duka kanambia cha kukamulia ng'ombe, tena wengi kwa pamoja. Nkacheka moyoni. Mie skuli nimetoka mapema lakini simu nnayo, na kwenye simu nishawaona mabibi wa zamani wa Ulaya wametundikwa nywele kwenye umeme, wanasoma gazeti. Mashine ya kutia mawimbi! Ya mwanzo mwanzo, umeme wenyewe bado mgeni duniani. Na nyongeza kanipa kijisanduku cha chuma kama redio ndogo, kina matundu mawili. Unachomeka chuma cha kukunjia nywele tunduni, kinapata moto, unakunja. Chuma chenyewe kimo.

Nimembadilishia na kiyoyozi cha chumbani kwangu. Novemba hii, nani anataka baridi?

Sababu ya yote haya ni Ghadeer. Mama kenda kuniposea kwao Ghubra mwezi uliopita. Baba yake, Mzee Nasr, hana neno. Kasema yeye anakula kinachopikwa, muulizeni mpishi. Mpishi ni Bi Shariffa, mama yake Ghadeer, mwenye saluni ya kike. Bi Shariffa kauliza mwanao anafanya kazi gani. Mama kajibu kwa fakhari kwamba nafanya nyingi. Bi Shariffa kasema yeye anataka kusikia moja. Jawabu Jumamosi, baada ya harusi ya Nouf, mtoto wa dada yake.

Na mwengine keshaposa. Aflah, mtoto wa ami yake Ghadeer. Anafanya kazi wizarani, Maskati ndani. Dishdasha lake, kanzu yetu ile nyeupe, halikunjiki hata akikaa. Sijui anakaaje.

Sasa sikiliza akili. Nouf anataka siku ya harusi awe na mawimbi kama ya bibi yao, kwenye ile picha ya harusi ya Unguja iliyotundikwa kwao. Nywele zake ndefu, nzito, laini, haziwekeki. Dawa za kupulizia zote zishashindwa. Mie nampelekea Bi Shariffa mashine ya zama zile zile. Bibi harusi anang'ara, saluni inapata jina, mie napata mke.

Nishaanza kufikiria majina ya watoto.

Jumatatu, 10 Novemba

Mama kaiona mashine ukumbini. Kasema kitu kile kina wenyewe, nkitoe kabla ya Magharibi. Kakifukizia ubani, kakisomea, kakizunguka. Kisha kaniuliza kama kinafaa kuanikia nguo.

Plagi yake ya pini mbili za duara. Nimekata, nimetia ya pini tatu. Umebaki waya mmoja. Sijui wa nini. Nimeuzungushia tepu, umekaa kimya.

Nkahitaji kichwa cha kujaribia. Mama kakataa. Mbuzi wa jirani karidhia, mwenye mbuzi kakataa. Zikabaki ndevu zangu. Kibanio kimoja kulia, kimoja kushoto. Nkawasha.

Kulia: wimbi! Limelala vizuri, la picha kabisa.

Kushoto: moshi.

Nimenyoa kushoto. Kulia nimepaacha. Ndio ushahidi.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeshuka mlima toka kwetu Amerat mpaka Ghubra polepole, mashine imesimama nyuma kama kiongozi anapungia watu. Watu wamepiga picha. Matangazo ya bure!

Nimefika saluni. Mlangoni bango: wanaume marufuku. Nyuma ya bango pazia zito. Biashara yangu yote inaingia ndani, mie mwenyewe nabaki nje na duka la kuku wa kuchoma. Ghadeer katoka. Kanitazama uso mzima, upande kwa upande.

"Sleyum," kasema, "hiyo nusu nyengine iko njiani?"

Nampenda mno.

Yeye na wafanyakazi wawili wameikokota mashine ndani. Nimemrekodia Bi Shariffa maelezo kwa simu, marefu, ya kitaalamu: vibanio, nyaya, historia ya Ulaya. Kijisanduku nacho kimeingia ndani, ila kwenye maelezo nimekisahau. Sikukitaja hata kwa neno.

Baada ya Adhuhuri Ghadeer kanirushia sauti. Mama yake kaitazama ile mashine kubwa, kasoma Ayatul Kursiy, kaifunika shuka. Lakini kile kidogo! Kasema hatimaye Sleyum kaleta kitu cha maana, chetezo cha umeme. Matundu mawili, moja la udi wa nywele, moja la udi wa nguo. Keshakitilia udi wake, ule anaoupika mwenyewe kwa sukari na marashi, nusu ya wanawake wa Ghubra wanafukizia nywele zao. Kaweka bonge zima kila tundu. Saluni inanukia mpaka kwa kuku.

Nimwambie si chetezo? Mtu kafurahi! Mwanamke huyu hajapata kunifurahia, hata mwaka ule nilipomletea friji. Nkajibu: mwambie mama afukize kwa raha zake.

Jumatano, 12 Novemba

Aflah katoka nyuma kama mwizi. Kanunua Dubai kifaa kipya cha nywele, kimo ndani ya boksi linalojifunga lenyewe. Hakichomi, kinapuliza hewa tu, nywele zinajizungusha zenyewe. Ghadeer kasema kakibeba mpaka mlangoni kwa mikono miwili, kama anampeleka mtoto hospitali.

Asubuhi wamemjaribia Nouf. Zimekunjika mawimbi mazuri kupita kiasi. Nkaingiwa na huzuni. Nimekula sambusa sahani nzima na huzuni haikupungua.

Baada ya Asri, nywele zote zimelala chini kama hazijaguswa. Nouf kalia. Nkafurahi. Kisha nkaona haya kufurahi mtoto wa watu akilia. Kisha nkafurahi tena.

Bi Shariffa kashikwa na wasiwasi. Kesho ukumbini watakuwepo wanawake wote anaowajua na wote wasiompenda. Bibi harusi wake mwenyewe akiingia na nywele zilizolala, nani atakuja tena saluni? Kasema kesho ile kubwa ivuliwe shuka.

Nimenyoa na upande wa kulia. Bwana harusi mtarajiwa lazima awe sawasawa.

Alkhamisi, 13 Novemba

Ya Rabbi.

Nimekaa ndani ya pikapu nje ya saluni, simu sikioni, Ghadeer ananisimulia toka ndani. Nouf kakalishwa. Vibanio vyote vimebanwa. Ghadeer kasema bibi harusi kama kakaliwa na pweza kichwani. Nkasema semeni Bismillah, washeni.

Saluni giza. Duka la kuku giza. Mshoni wa madishdasha giza. Kuku wamesimama kwenye vyuma vyao, hawazunguki, wananitazama.

Sauti ya Bi Shariffa imetoka kwenye pazia bila ya kuhitaji simu. "Sleyum, njoo uchukue mzimu wako!"

Mzimu umetolewa nje, umeegemezwa ukutani. Mwenye kuku kauliza kama ni cha kuchomea.

Fundi wa umeme kapandisha swichi, umeme umerudi. Lakini kifaa cha Aflah ndio kimekata roho: taa nyekundu tu, hakitoi hata pumzi. Hivi vya kisasa havina moyo. Ndani namsikia Nouf analia, mama yake analia, Bi Shariffa anawanyamazisha huku mwenyewe sauti imepasuka. Nywele zimelala, gari la kumpeleka ukumbini lishafika. Kwa mara ya kwanza sikumfikiria Aflah wala posa. Nilimfikiria Bi Shariffa, mama wa watu ambaye jina lake lote liko kwenye kichwa kile.

Ghadeer kasema kwenye simu, kwa sauti ndogo, "Kama una la kusema, sema sasa."

Nkasema. Kwamba chetezo si chetezo. Kwamba ni cha kutilia moto chuma cha kukunjia nywele, na chuma chenyewe kilikuja pamoja nacho, kitieni tunduni, kikipata moto zungusheni.

Nkasikia mlio wa chuma kikiingia. Matundu yale yalikuwa yashajaa sukari ya udi iliyoyeyuka tangu Jumanne. Kuyasafisha hapakuwa na wakati. Chuma kimetoka na moshi mtamu mpaka mie nje nimekohoa. Ghadeer kazungusha wimbi la kwanza, kaliachia, kalivuta.

Halikuvutika.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeamka na habari mbili.

Ya kwanza. Nouf kaingia ukumbini jana na mawimbi ya bibi yake kichwa kizima. Kacheza, kakumbatiwa na watu wote, hapana wimbi hata moja lililotikisika. Simu zilichukuliwa mlangoni, desturi yetu, kwa hiyo picha hapana. Lakini picha ya nini? Kila meza aliyopita wanawake wamegeuka kwa harufu. Bibi mmoja katoa machozi, kasema hivi ndivyo walivyonukia maharusi wa Unguja. Bi Shariffa kaulizwa siri yake mpaka kachoka kutabasamu. Kajibu ni ya ukoo.

Mashallah! Nimeruka kitandani, kichwa kimegonga pale kiyoyozi kilipokuwa.

Ya pili. Maharusi wameamka hotelini na wageni. Sisimizi. Wametoka roshanini, wamepanda kitanda kwa mstari mmoja, nidhamu ya jeshi, mpaka kwenye nywele za Nouf. Sukari! Bwana harusi kapiga simu kwa mama mkwe, mama mkwe kapiga kwa Bi Shariffa. Nywele zimekataa kufunguka, zimerowekwa maji ya moto, zikatiwa mafuta ya nazi, zikarowekwa tena. Zimefunguka wakati wa Sala ya Ijumaa. Nouf mwenyewe kacheka mpaka kakaa chini, lakini Bi Shariffa hakucheka.

Ghadeer kanambia mama yake kakaa sebuleni na kijisanduku mapajani, anakitazama tu. Kesho ndio jawabu.

Aflah katuma maua.

Sijala mchana. Mama kaniletea chai, nkanywa kwa adabu, kwa vile yeye hana kosa.

Jumamosi, 15 Novemba

Wamekuja Amerat baada ya Asri: Bi Shariffa, Mzee Nasr, na Ghadeer nyuma yao macho chini. Mama katoa vileja na kahawa. Mzee Nasr kala vileja. Bi Shariffa hakugusa. Kakiweka kijisanduku katikati ya meza.

"Sleyum," kasema, "ulijua tangu Jumanne kuwa hiki si chetezo?"

Nkasema ndio, mama.

"Na hukunambia."

"Ulifurahi," nkasema. "Sijawahi kukufurahisha. Nkaona haya kukuharibia."

Mama yangu kaanza kusoma kimoyomoyo, midomo inakwenda. Kisha Bi Shariffa kamgeukia Ghadeer.

"Na wewe ulijua. Nimeiona simu yako. Jumanne ile ile umetafuta picha ya kitu hiki, ukajua cha nini, ukanitazama natia udi wangu bonge zima, ukakaa kimya."

Ghadeer kasema, "Ulikuwa unaimba, mama."

Mzee Nasr kaacha kutafuna. Bi Shariffa kafunga macho, mabega yakaanza kutikisika. Nkadhani analia. Kumbe anacheka, kicheko kikubwa, hakina sauti, mpaka mama kampa tishu.

"Basi chukuaneni," kasema. "Nkimwozesha huyu kwa Aflah nitamuua kijana wa watu bure."

Kasema! Wote wamesikia! Mzee Nasr kasoma Fatiha na kileja mkononi.

Kisha masharti. Wanawake wanapiga simu tangu asubuhi wanataka mawimbi ya udi, na yeye atayatia, kwa udi asioutia sukari nyingi. Wengi wanataka waendewe majumbani. Mie ndio nitawaendesha wafanyakazi wake. Kazi hiyo, basi. Nyengine zote niache. Na niape hapo hapo kwamba hapana mashine yangu itakayogusa kichwa cha binadamu tena.

Nimeapa. Kwa moyo mmoja. Ghadeer kanitazama mara moja tu, lakini mara hiyo itanitosha mpaka harusi.

Nimekuwa mtu mwengine.

Jumatatu, 17 Novemba

Asubuhi nimewapeleka wafanyakazi nyumba mbili, nimewarudisha salama. Kazi nzuri, ya heshima. Ina nafasi nyingi ya kufikiri.

Njiani, hapa hapa Amerat, nimeona saluni inafungwa. Wanatoa vyombo nje. Yamo yale makofia makubwa ya kukaushia nywele, ya zamani, mtu anakaa chini yake kama yuko ndani ya chungu. Sita! Nkasimama kutazama tu. Kiapo ni kiapo.

Lakini nkafikiri. Kumma zetu, zile kofia za kiume za kutarizi. Mwanamme anaifua kumma yake, anaitia wanga, kisha anaivisha bakuli na kungoja siku nzima ikauke iwe na umbo. Na hapa nnatazama umbo lenyewe, na moto juu! Unaivisha kumma juu ya chungu kidogo, unashusha lile kofia kubwa, unawasha. Imekauka, imesimama wima, mtu anakwenda zake kazini. Na kiapo changu kimesema kichwa cha binadamu. Chungu si binadamu.

Wamenipa zote sita kwa tairi langu la akiba.

Mama kauliza zinaingia wapi. Nkamwambia ukumbini pana nafasi, mashine ile kubwa yeye keshaihamishia uani anaanikia foronya.

Nimempigia Aflah, kumwonesha sina kinyongo. Nimemwambia alete kumma yake nzuri kuliko zote, ile ya kushonwa kwa mkono, aliyoirithi, nimtengenezee bure awe wa kwanza. Kasita. Kisha kaleta, muungwana yule. Yuko ukumbini na mama, anakula vileja, dishdasha halijajikunja.

Kumma iko chumbani kwangu, chini ya kofia kubwa la nywele, moto wa mwisho kabisa ili asingoje sana. Naandika haya huku inakauka.

Kuna harufu kidogo. Si mbaya. Kama mkate.

Ngoja nkaangalie.